Maganda manne, vitako sita: kwa nini pete hazitoki kwa kasi mliyoahidi

SWALI

Msomaji mmoja wa Ipuli, Tabora mjini, ameandika (nimefupisha):

"Mimi na kaka yangu tuna yadi ya bidhaa za zege. Tunatengeneza makalavati ya kipenyo cha sentimita 90 na pete za visima za kipenyo hichohicho, zote za urefu wa mita moja, kwa kalibu zilezile. Tuna maganda ya nje manne na ya ndani manne. Vitako tunavyo 8, ila viwili vimeazimwa na fundi wa Sikonge tangu Juni. Tunamwaga zege asubuhi, tunafungua maganda kesho yake, na pete iliyomwagwa Jumatatu tunaiinua kwenye kitako Alhamisi asubuhi. Tulipiga hesabu kwamba maganda manne kwa siku 26 ni makalavati 104 kwa mwezi, na pete za visima vilevile 104. Tukachukua kazi mbili: makalavati 80 ya mkandarasi wa barabara na pete 72 za visima tisa, zote zitoke kabla ya Oktoba kuisha, na hakuna anayepokea mzigo wenye umri wa chini ya siku 14. Tutaanza Septemba mosi, malipo ya awali yakiingia. Lakini nikitazama miezi iliyopita tunatoa 12 kwa wiki, hazizidi. Kaka anataka tununue mikseri kubwa, mimi nataka maganda mawili zaidi. Halafu kuna mteja wa Urambo anataka pete fupi 30 za nusu mita kwa mashimo ya maji taka. Tumkubalie?"

JIBU

Dada, mwezi huu msinunue mikseri wala maganda. Tumeni mtu Sikonge akachukue vile vitako viwili, na leo hii mpeni fundi wa kuchomelea kazi ya kutengeneza vingine vinne. Kuhusu mteja wa Urambo, mwambieni asubiri hadi Novemba, au mkubaliane naye bei nitakayoieleza chini. Hilo ndilo jibu langu kwa kifupi. Sasa nifafanue, maana mkishaona hesabu inavyokwenda mtaweza kuipiga wenyewe kila mteja mpya anapokuja.

Kwa wasomaji wengine: kalavati ni bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara, na kalibu yake ina vipande vitatu. Ganda la nje ni bati nene lililokunjwa duara, lina bawaba na boliti. Ganda la ndani linaingia katikati yake. Kitako ni pete bapa ya chuma inayokaa chini, ambayo juu yake zege linasimama na ambayo inaupa mdomo wa chini umbo lake. Vipande hivi vitatu huingia kazini pamoja, lakini havitoki pamoja, na tatizo lenu lote liko hapo. Ganda linatoka baada ya siku moja. Kitako kinabaki chini ya pete siku tatu, kwa sababu pete ya mita moja yenye ukuta wa sentimita 7.5 ina uzito unaozidi nusu tani, na ukiinyanyua ikiwa bado changa mdomo wake unameguka.

Tuipitie wiki yenu siku baada ya siku. Jumatatu asubuhi vitako vyote sita viko wazi, maganda ni manne, mnamwaga nne. Jumanne mnafungua na maganda yote manne yako huru, lakini vitako vilivyobaki ni viwili, mnamwaga mbili. Jumatano maganda yote yako huru na hakuna kitako hata kimoja kilicho wazi. Alhamisi mnainua zile nne za Jumatatu, mnamwaga nne. Ijumaa mnainua mbili, mnamwaga mbili. Jumamosi hakuna kitu. Jumapili mnapumzika huku zege likiendelea kukomaa, na Jumatatu vitako sita viko wazi tena. Nne, mbili, sifuri, nne, mbili, sifuri: jumla 12. Ndiyo ile 12 uliyoiona kwenye miezi iliyopita. Uvivu wa vijana haumo kwenye hesabu hiyo, na mikseri haimo. Nadhani ukienda yadi Jumatano hii utakuta maganda manne yameegemezwa ukutani, yamesafishwa na kupakwa mafuta, na kila mtu anaamini Jumatano ni siku ya usafi.

Sasa jaribu mpango wako wa kuongeza maganda mawili. Jumatatu mtamwaga sita badala ya nne, na vitako vyote vitakuwa vimeisha. Jumanne sifuri, Jumatano sifuri, Alhamisi sita tena. Jumla 12. Mtakuwa mmetoa pesa ya bati nene, kukunjisha, bawaba na boliti, na yadi haijaongeza pete hata moja.

Jaribu na vitako vinane, yaani vile viwili vya Sikonge vikirudi. Jumatatu nne, Jumanne nne, Jumatano sifuri, Alhamisi nne, Ijumaa nne, Jumamosi sifuri. Mmefika 16 kwa wiki na gharama yenu ni nauli tu. Ongeza vinne, viwe 12, na kila siku mtamwaga nne, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, 24 kwa wiki. Hapo maganda na vitako vimekuwa sawa. Kitako cha 13 hakitaongeza kitu mpaka muwe na ganda la tano.

Fikirieni gesti yenye vyumba sita ambayo kila mgeni analala siku tatu. Kwa wastani itapokea wageni wawili kwa siku, hata kama pale mapokezi kuna viti ishirini. Hesabu yake inajulikana. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kihisabati kwamba idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Mkitaka pete 4 kwa siku na kila moja inakaa kwenye kitako siku 3, mnahitaji vitako 12. Ganda linakaliwa siku 1, kwa hiyo manne yanatosha. Kupata uwezo mlio nao, igeuzeni: gawanyeni idadi ya kila kipande cha kalibu kwa siku kinazokaliwa, kisha chukueni jibu dogo kuliko yote. Hilo ndilo uwezo wa yadi. Watu wengi wanahesabu kipande cha gharama kubwa tu, kwa sababu ndicho kilichowauma mfukoni.

Kosa la pili ni lile la 104 na 104, na naliona kila ninapokutana na yadi au karakana yenye bidhaa nyingi na vifaa vichache. Kalavati lina ukurasa wake kwenye daftari, pete ya kisima ina ukurasa wake, na kila ukurasa unahesabu maganda yaleyale manne kana kwamba mwenzake hayupo. Zile 104 hazikuwa sahihi hata kwa bidhaa moja, maana mlihesabu maganda mkasahau vitako. Mkazihesabu tena mara ya pili kwa bidhaa nyingine. Kwa vitako sita mna nafasi 12 kwa wiki za kugawana kati ya kalavati na pete, basi. Kalavati moja likiingia, pete moja ya kisima imekosa nafasi.

Kuna jambo la hapa kwetu linalofanya hili liume zaidi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, mikataba ya barabara inakuja kusainiwa Agosti au Septemba, na mkandarasi anataka kalavati liwe ardhini kabla mvua za Novemba hazijaigeuza mbuga kuwa tope. Mchimba kisima naye anangojea mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka chini kabisa, ili kisima kisije kukauka mwakani. Wateja wako wote wawili wanaongozwa na mvua ileile, kwa hiyo watakuja miezi ileile kila mwaka. Usitegemee kwamba mmoja atakuwa kimya mwenzake anapopamba moto. Kwa bidhaa zinazopishana majira, kutumia kalibu pamoja ni akiba. Kwa zinazogongana kama hizi, msimu lazima upangwe mapema.

Tuje kwenye kazi mlizochukua. Jumla ni 152. Mzigo wa mwisho unatakiwa uwe na siku 14 ifikapo Oktoba 31, kwa hiyo siku ya mwisho ya kumwaga ni karibu Oktoba 16 au 17, wala si Oktoba 31. Umri wa zege unakula wiki mbili za mwisho za mkataba, na wengi husahau kuziondoa. Kuanzia Septemba mosi mpaka hapo, bila Jumapili, ni kama siku 39, yaani wiki sita na nusu. Kwa vitako sita mtapata 78. Kwa vinane, 104. Kwa 12, mtapata 156.

Ukiona 156 na deni ni 152, usifurahi. Hiyo ni hesabu ya yadi ambayo umeme haukatiki, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikane) haifi, hakuna msiba, hakuna boliti inayokatika na hakuna pete inayopasuka mdomo. Mimi kwa yadi ndogo huwa nahesabu asilimia 85 tu ya kile karatasi inachosema. Asilimia 85 ya 156 ni 132. Mmepungukiwa na 20.

Hizo 20 ziko mikononi mwenu sasa hivi, mwezi huu wa Agosti. Umesema mtaanza Septemba mosi malipo ya awali yakiingia. Nawaomba msingoje. Zimebaki wiki mbili, na kwa vitako sita vilivyopo ni nafasi 24. Ukipunguza ileile asilimia ya matatizo unabaki na 20 kamili. Saruji yake ni kama mifuko 30, kwa makadirio ya mfuko mmoja na nusu kwa kila pete kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto). Kokoto, mchanga na nondo mnajua bei zake hapo Tabora kuliko mimi. Mwageni makalavati, si pete za visima, kwa sababu kalavati la sentimita 90 lina soko hata mkandarasi huyu akigeuka. Zege haliozi likikaa yadini. Likimwagiliwa vizuri linazidi kuwa gumu. Kitakachopotea ni siku ya kitako. Kitako kilichokaa bure Agosti hamwezi kukitumia mara mbili Oktoba.

Kama kweli pesa ya saruji haipo, basi zungumza na wateja mapema, na hapo chagua kwa busara nani wa kumwomba muda. Msimwombe mkandarasi wa barabara. Mvua ikimkuta mtaro uko wazi, hasara ni kubwa na itarudi kwenu. Mwombeni mwenye visima. Visima tisa havichimbwi siku moja. Pete hushuka moja baada ya nyingine kadiri shimo linavyokwenda chini, na maji ya ardhini hayapandi siku ileile mvua inapoanza. Mwambieni pete 20 za mwisho zitamwagwa hadi Oktoba 23 hivi na atazichukua wiki ya kwanza ya Novemba. Ukimwambia Agosti, huo ni mpango wa kazi. Ukimwambia Oktoba 30, umevunja ahadi.

Kaka yako sasa, na mikseri yake. Pete moja ya ukubwa wenu inakula zege la mita za ujazo 0.23. Nne kwa siku ni chini kidogo ya mita moja ya ujazo. Mikseri ya mfuko mmoja inatoa kama mita za ujazo 0.16 kwa mzunguko, kwa hiyo mizunguko sita inamaliza kazi ya siku nzima. Hata mkiwa na vitako 12 mikseri hiyo itafanya kazi saa moja na kitu kisha itasimama mpaka kesho. Mikseri kubwa itamaliza kwa nusu saa, halafu nayo itasimama. Namwelewa kaka: mikseri ndiyo inayopiga kelele na kuzungukwa na watu asubuhi, kwa hiyo inaonekana ndiyo roho ya kazi. Lakini mashine yenye foleni asubuhi tu na kukaa bure mchana kutwa haijawahi kuwa kizuizi.

Kugawana kalibu kati ya bidhaa mbili kuna gharama nyingine ambayo hukuitaja, nayo ni muda wa kubadilisha. Kalavati lina kizimba cha nondo. Pete za chini za kisima zina matundu ya kupitisha maji, kwa hiyo ganda linahitaji pini. Kama kila asubuhi vijana wanachomoa pini, wanaziba matundu, kesho wanazirudisha, mnapoteza nusu ya asubuhi na jua linapanda zege likiwa bado kwenye karai. Kwa kuwa oda zenu ni 80 na 72, karibu zinalingana, gawanyeni maganda: mawili yawe ya kalavati, mawili ya pete, yasibadilishwe. Vitako havina tofauti kati ya bidhaa hizi, viacheni viwe vya wote. Mkiwa na yale 20 ya Agosti, makalavati yatakayobaki ni 60, na kwa maganda mawili yataisha katika wiki ya sita hivi. Hapo ndipo mtahamishia maganda hayo kwenye pete, mara moja tu kwa msimu mzima.

Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani aliyefanya kazi na viwanda vya Toyota katika kupunguza muda wa kubadilisha kalibu za mashine za kukandamiza mabati, alikuwa akianza na swali moja: ni kazi ipi kati ya hizi inaweza kufanyika kabla mashine haijasimama? Kwenu jibu ni kubwa. Vizimba vya nondo vifungwe jana yake mchana. Pini zipangwe kwenye kopo moja, zimepakwa mafuta. Kokoto na mchanga vipimwe na kufunikwa jioni. Asubuhi ganda likifunguka, liguswe na brashi, lipakwe, lifungwe, zege liingie. Vijana wenu wana mchana mrefu usio na kazi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Na hapa kwenye mafuta nisimame kidogo. Yadi nyingi zinapaka maganda oili chafu ya gari. Kwa makalavati mnaweza kuvumiliana, lakini maganda haya mnayatumia pia kwa pete ambazo watu watakunywa maji yaliyomo ndani yake. Acheni oili chafu kabisa kwenye yadi hiyo. Tumieni mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, au mawese mazito kutoka Kigoma, yapakwe kwa kitambaa safu nyembamba. Kifaa kinachotumika kwa bidhaa mbili lazima kitunzwe kwa masharti ya ile yenye masharti makali zaidi.

Najua kuna wazo litakalokujia ukisoma hesabu ya siku tatu: kwa nini tusiinue siku ya pili? Ni wazo halali, kwa sababu kwa siku mbili vitako vinane vingetosha kutoa nne kila siku. Lakini msikate muda kwa macho. Siku tatu si amri. Ni muda ambao mchanganyiko wenu, kwa joto la mwezi huo, unafikia nguvu ya kubeba uzito wake ukiwa umening'inia. Septemba na Oktoba Tabora kuna joto na zege linakomaa haraka kuliko usiku wa baridi wa Julai. Saruji ya daraja la 42.5 inapata nguvu mapema kuliko ya 32.5. Kupunguza maji kwenye mchanganyiko kunasaidia zaidi ya vyote, na ni bure. Kama mnataka kujaribu, chagueni pete mbili, ziinueni siku ya pili, kagueni mdomo wa chini kwa mwanga wa pembeni mkitafuta nyufa nyembamba kama unywele, kisha zifuatilieni mpaka siku ya 14. Msijaribu kwenye pete nne za siku moja, na msijaribu wiki ambayo mkandarasi anasubiri. Siku ya saba zege huwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu yake ya siku ya 28. Siku ya pili liko mbali sana na hapo. Ufa wa siku ya pili hauponi, na kwenye kisima utafunguka chini ya mzigo wa pete saba zilizo juu yake.

Sasa namna ya kupanga, ili mwakani msiingie tena kwenye kurasa mbili. Pakeni kila kitako namba kwa rangi, 1 hadi 12. Chukueni ubao mmoja, ubao mmoja tu kwa bidhaa zote, chora mistari 12 kwenda chini na siku za mwezi kwenda kulia. Pete ikimwagwa kwenye kitako namba 5 Jumatatu, jazeni visanduku vitatu vya mstari wa 5, na muandike K kwa kalavati au V kwa kisima. Mteja akija, angalieni visanduku vilivyo wazi, ondoeni asilimia 15 ya matatizo, ongezeni siku 14 za kukomaa, ndipo mtaje tarehe. Kitako kikienda kwa mtu, mstari wake upigwe kalamu nyekundu tangu siku kilipotoka. Tangu Juni mpaka leo mistari miwili ingekuwa myekundu ubavuni, na nadhani kaka angeshakwenda Sikonge mwenyewe. Kila kitako kinachoazimwa wakati wa msimu kinaondoka na pete mbili kwa wiki. Jirani akiomba, mkodishieni kwa faida ya pete mbili kwa wiki. Akiona ni ghali, atachomesha chake.

Hesabu hiyohiyo inamjibu mteja wa Urambo. Pete ya nusu mita inakalia ganda siku moja na kitako siku tatu, sawasawa na pete nzima. Inatumia nusu ya zege, lakini inatumia nafasi nzima. Pete zake 30 ni nafasi 30, zaidi ya wiki moja ya yadi yenu ikiwa na vitako vyote 12. Mkimuuzia kwa nusu ya bei ya pete ndefu, kama wengi wanavyofanya kwa kufuata urefu, mtakuwa mmetoa nafasi ambayo ingewaletea faida ya pete nzima mkapokea nusu. Ndani ya Septemba na Oktoba bei yake iwe nusu ya gharama ya zege na nondo, pamoja na faida kamili ya pete ndefu. Akikubali bei hiyo bado siwashauri, maana nafasi zenyewe hamna. Novemba kazi ikipungua na vitako vikianza kukaa bure, mwuzieni kwa bei ya kawaida na mfurahi, kwa sababu wakati huo nafasi haina mwingine anayeitaka.

Vitako 12 vikianza kazi kizuizi kitahama, na ni vizuri mjue kinakoelekea. Kwa pete nne kwa siku na siku 14 za kukomaa, ukiondoa Jumapili mbili, mtakuwa na pete 48 yadini kwa wakati mmoja. Kila moja na njia ya kupita inataka kama mita mbili za mraba, kwa hiyo andaeni eneo tambarare la mita za mraba 100, karibu na maji. Maji ni muhimu kuliko eneo: Oktoba jua la Tabora litakausha pete kabla ya saa nne asubuhi, kwa hiyo magunia yaliyoloweshwa na nailoni juu yake yawe tayari kabla ya Septemba. Kunyanyua nako kutaongezeka maradufu, pete 24 kwa wiki za zaidi ya nusu tani kila moja. Kagueni mnyororo, ndoano na miguu ya ile stendi ya kunyanyulia. Vaibreta mnayo moja? Basi muwe na shafti ya akiba, kwa sababu ikifa asubuhi maganda yote manne yanalala.

Kuhusu vitako vipya, mpelekeeni fundi kitako chenu kizuri zaidi kiwe kiolezo, msimpe vipimo vya mdomo. Atumie chuma cha unene uleule, na achomelee kwa kuruka huku na huku ili joto lisikipinde. Kabla ya kumlipa salio, wekeni kila kitako kipya kwenye sakafu iliyonyooka na mzunguke na karatasi: ikipita chini yake mahali popote, kimepinda. Kisha vikeni juu yake maganda yote manne, moja baada ya jingine, la nje na la ndani. Kitako kinachokubali ganda moja tu hakitawasaidia, kwa sababu asubuhi ya Jumatatu hakuna atakayekumbuka kipi ni cha lipi.